Siku Iliyorukwa

Orodha ilishuka kwenye kioo cha kompyuta mstari baada ya mstari, tarehe upande wa kushoto na namba upande wa kulia, na Nchagwa aliitazama kwa uvivu wa mtu aliyekwisha kuizoea. Tarehe kumi na tano Aprili 2004. Tarehe kumi na sita. Tarehe kumi na nane. Aliinua kikombe cha chai, akakirudisha mezani bila kunywa. Akapandisha orodha juu, akahesabu kwa kidole. Kumi na sita, kumi na nane. Siku ya katikati haikuwepo.

Ilikuwa saa tano asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha chuo kikuu pale Rongo. Nje jua lilikuwa kali na wanafunzi walikuwa wakipita wakicheka.

Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa ya shahada yake ya pili. Kila alfajiri, miaka nenda miaka rudi, watu wa hali ya hewa hurusha puto kutoka Nairobi. Puto hubeba kifaa kidogo kinachotuma kwa redio joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kadiri kinavyopanda, mpaka puto lipasuke huko juu kabisa. Takwimu hizo huhifadhiwa, na mwenye mtandao anaweza kuzisoma hata baada ya miaka ishirini. Nchagwa alikuwa amepata programu ya bure inayozisoma zote kwa mpigo. Ilichukua fungu la hewa ya chini, ikaliinua kwa hesabu, ikauliza kila hatua: je, fungu hili lina joto kuliko hewa inayolizunguka? Likiwa na joto zaidi, litaendelea kupanda lenyewe, nayo namba itakuwa kubwa. Namba kubwa ina maana hewa haijatulia, na ngurumo zinaweza kuzuka. Namba ndogo ina maana utulivu. Alipomweleza mama yake kwa simu, alimwambia afikirie sufuria ya uji wa wimbi: moto chini, utando juu, na siku utando unapopasuka, uji unaruka mpaka ukutani.

Watu walipomuuliza kwa nini alichagua radi za upande wa ziwa, alijibu kwamba radi huua watu wengi huku kwetu. Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Aliifungua faili ya tarehe kumi na saba kwa mkono. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Katika mstari mmoja mgandamizo ulipaswa kuwa 700, lakini mtu fulani, zamani, alikuwa ameacha sifuri moja, ikabaki 70. Programu iliona puto limeruka kutoka kilomita mbili hadi kumi na nane na kurudi chini, ikaikataa siku yote. Faili zaidi ya mia mbili zilikuwa na kasoro za namna hiyo. Aliyajua haya. Akajiambia ni sadfa tu, akaongeza sifuri, akaandika marekebisho hayo katika daftari, akaiendesha programu upya.

Namba ilitokea: arobaini.

Arobaini ni utulivu. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuanika mahindi na kwenda sokoni.

Nchagwa aliizima kompyuta bila kuifunga programu, akatoka nje, akakaa juani.

Jumamosi ile ya tarehe kumi na saba alikuwa na umri wa miaka minane, nyumbani kwao Ntimaru. Saa nne asubuhi mbuzi wa kwao waliingia katika wimbi changa la Bhoke, mjane wa kaka mkubwa wa baba yake, ambaye Nchagwa alimwita Mama Mkubwa. Bhoke aliwakuta wamekwisha kula matuta manne. Alikuja mpaka mlangoni kwa Edinah, mama yake Nchagwa, wakarushiana maneno makali, na mwishowe Bhoke akaonyesha mbinguni kwa mkono wenye udongo akasema, "Moto utawashukia kutoka kule juu." Kisha akaenda zake.

Saa tisa mchana wingu lilikaa juu ya vilima. Ken, kaka yake Nchagwa, mwenye miaka kumi na miwili, alikimbia kuwafungua mbuzi waliokuwa wamefungwa kando ya ua wa seng'enge. Radi ilipiga seng'enge. Walipomfikia alikuwa amelala kifudifudi na kamba mkononi, na mbuzi watatu kando yake.

Jioni ile ile wazee wa ukoo walikaa uani wakauliza kama kuna mtu aliyetamka neno lolote asubuhi. Edinah hakuweza kusema, alikuwa ameshikiliwa na wanawake ndani. Watu wazima walitazamana. Nchagwa ndiye aliyejibu. Alijibu kwa sauti safi, kama mtoto anayejua jibu darasani: Mama Mkubwa alisema moto utatushukia kutoka kule juu. Wazee wakamwambia arudie. Akarudia. Kabla ya giza nyumba ya Bhoke ilikuwa imevunjwa mlango na yeye amepelekwa kwenye kambi ya chifu, asiuawe. Hakurudi tena.

Tangu namba ile arobaini itokee, sauti ya mtoto ilianza kumrudia Nchagwa. Ilimjia akiwa anatembea, akiwa anaoga, akiwa anangoja chakula hotelini. Ilikuwa sauti yake mwenyewe kwa Kikuria, karibu kabisa na sikio, na kila mara ilisema sentensi ile ile kisha ikanyamaza, kama inayongoja kuambiwa irudie. Mvua za mchana zilipokuja alijikuta akihesabu sekunde kati ya mwako na mngurumo, midomo ikicheza, watu wakimtazama. Alikonda. Miaka yote alikuwa ametumaini kwamba hesabu ingemtoa mwanamke yule katika lawama, na kumtoa yeye katika jibu lake. Sasa hesabu ilisema mbingu ilikuwa shwari siku ile, mpaka mtu aliponyoosha mkono.

Wiki mbili baadaye Daktari Onsongo, msimamizi wake, alimwita ofisini kuuliza kwa nini kazi imesimama. Nchagwa hakumweleza habari ya Ken. Alisema tu kuna siku moja ambayo anajua kulikuwa na radi Ntimaru, na puto linasema hapakuwa na kitu.

Onsongo alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kumwaibisha mwanafunzi. Alimuuliza puto lilirushwa saa ngapi.

"Saa tisa alfajiri."

"Saa tisa alfajiri hewa ya chini imepoa, Nchagwa. Hiyo unawafundisha wa mwaka wa kwanza. Hewa ya juu iache ilivyo. Ya chini itafute ya mchana, tena ya mahali penyewe, uiweke hapo."

Nchagwa aliona haya. Ni kweli alikuwa akiwafundisha. Hofu ilikuwa imemfanya asahau jambo ambalo angemsahihishia mtu mwingine kwa kalamu nyekundu.

Lakini joto la mchana la Ntimaru, la miaka ishirini na moja iliyopita, lingepatikana wapi? Alipiga simu huku na huku, na mwishowe akakumbuka kwamba shule yake ya msingi ilikuwa na kisanduku cheupe chenye vipimajoto nyuma ya madarasa, na mwalimu wa kilimo aliyewachapa walipokigusa. Huyo alikuwa Mwalimu Roseline Nyasuguta. Alikuwa amestaafu, ila bado yuko Ntimaru, anafuga kuku.

Alimkuta akiwapa chanjo. Mwalimu hakumuuliza maswali mengi. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na madaftari manne yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa miaka kumi na sita, alikuwa ameandika joto, unyevu na mvua. Nchagwa alifungua Aprili 2004. Mbele ya tarehe kumi na saba, baada ya namba, mwalimu alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: *Ken, darasa la sita.*

"Wengi hufikiri niliandika hali ya hewa tu," alisema Mwalimu Roseline. "Unamtafuta Bhoke, sivyo?"

Nchagwa alisema anatafuta joto la mchana.

"Yuko Magunga. Huko upande wa Homa Bay, karibu na mbuga. Anauza nyoyo, mahindi na maharagwe wanavyoyapika huko. Kila Krismasi hunipigia simu, huuliza habari ya mama yako, kisha hukata."

Alirudi Rongo na madaftari, akaketi mbele ya kompyuta. Aliweka joto la saa tisa alasiri na unyevu wake mahali pa hewa ya chini, akabonyeza. Arobaini ikawa elfu mbili na mia mbili.

Angeweza kusimama hapo. Sehemu yake moja ilitaka kusimama hapo, ichapishe karatasi, ipande gari mpaka Magunga. Lakini alikuwa amefundishwa kutoamini namba moja, hasa namba aliyoitamani. Aliendesha mwezi wote. Tarehe kumi na sita: elfu moja na mia tisa. Tarehe kumi na nane: elfu mbili na mia sita. Tarehe kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, zote zilikuwa kubwa. Kati ya siku ishirini na nane zilizokuwa na takwimu kamili, ishirini na moja hewa ya mchana ilikuwa imejaa ngurumo. Na kila alfajiri, bila kukosa, namba ilikuwa ndogo.

Siku ile haikuwa siku ya ajabu. Ilifanana na jana yake na kesho yake. Alipoelewa hilo alijaribu kufurahi, akashindwa, maana sauti ilikuja pale pale ikasema sentensi yake.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Magunga. Alimwona Bhoke kabla hajaonyeshwa: mwanamke mrefu, mgongo umeanza kupinda, ameketi nyuma ya ndoo mbili za nyoyo, akiwapimia wateja kwa kikombe huku akiongea nao Kijaluo kama aliyezaliwa nacho. Alingoja mpaka wateja wakaisha. Aliposogea akamwamkia kwa Kikuria, kikombe kilisimama hewani.

"Wewe ni wa Edinah," Bhoke alisema. "Una macho yake. Mama yako amekufa?"

Alisema hapana, mama mzima, na hakuna msiba. Bhoke akavuta pumzi, akamwekea chakula katika sahani ya bati, akamwambia ale kwanza. Alikula. Bhoke alimsimulia kwa ufupi, bila kulalamika: kutoka kwa chifu alikwenda kwa binti yake aliyeolewa upande wa Tanzania, lakini uvumi ukamfuata mpaka kule, wakwe wakaanza kumtazama wingu linapotanda. Akaondoka ili binti asiachwe. Mwanamke mmoja aliyemjua katika soko la Migori akamleta huku, ambako hakuna anayejua habari zake. Kanisani wanamwita Mama Nyoyo.

Nchagwa alimweleza kazi yake. Alieleza puto, kifaa, na ile programu inayoinua hewa kwa hesabu. Bhoke alisikiliza huku amekunja mikono mapajani. Alipomaliza, Bhoke aliuliza swali moja, na Nchagwa akajua kwamba mwanamke huyu alikuwa amelibeba kwa miaka mingi bila kumpata wa kumuuliza.

"Hilo puto la siku ile lilipanda saa ngapi?"

"Saa tisa, kabla ya mapambazuko."

"Na mimi nilisema saa nne."

"Ndiyo."

"Saa tisa ile, mbingu ilikuwaje?"

Hapo angeweza kudanganya. Uongo ungekuwa mwepesi, na labda ungekuwa na huruma. Alitazama zile ndoo.

"Ilikuwa tulivu, Mama Mkubwa."

Bhoke aliitikia kwa kichwa polepole. Uso wake haukubadilika, ila mabega yalishuka, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokwisha kuijua. Alisema hata yeye alijua hivyo. Alisema aliponyoosha mkono ule alihisi kitu, na kila usiku wa miaka hii yote ameuangalia mkono huo. Hajawahi kumnyooshea mtu kidole tena, hata kumwonyesha njia.

Nchagwa aliharakisha. Alitoa karatasi, akamweleza kwamba kila alfajiri ya mwezi ule ilikuwa tulivu na karibu kila mchana ulichemka. Alimsomea tarehe moja moja. Bhoke alimkatiza.

"Tarehe kumi na nane. Kesho yake. Mimi nilikuwa kwa chifu, nimefungiwa stoo. Sikusema na mtu."

"Tarehe kumi na nane ilikuwa mbaya zaidi. Elfu mbili na mia sita."

"Nani alitamka neno siku hiyo?"

"Hakuna."

"Na ya kumi na tisa?"

"Kubwa vilevile. Hakuna aliyesema kitu. Kama radi ilipiga, ilipiga mahali pengine, porini, haikukuta mtu."

Bhoke alichukua karatasi ile ingawa hakujua kusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya namba, akishuka nazo mpaka mwisho wa mwezi, kisha akarudi juu. Mteja mmoja alikuja, akasimama, akaona uso wake, akaondoka.

"Mimi ndiye niliyewaambia wazee," Nchagwa alisema. Alikuwa amejiandaa kulisema kwa utaratibu, likatoka lote kwa mkupuo. "Waliuliza, nikajibu. Walinitaka nirudie, nikarudia."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilikusikia." Aliikunja karatasi ile mara mbili. "Hukusema uongo. Nililisema neno lile, na nilitaka liwe. Hilo, karatasi yako haiwezi kuliondoa, na usijaribu. Ila nilidhani nilimuua Ken. Sasa nitakaa nifikiri upya."

Hakusema amemsamehe, na Nchagwa hakuuliza. Bhoke alimfungia nyoyo katika karatasi ya nailoni ampelekee Edinah.

Edinah alisikiliza habari zote, kisha akala zile nyoyo siku mbili, akizipasha moto kidogo kidogo. Siku ya tatu alimwambia mwanawe kwamba Bhoke anaweza kuja kama anataka. Alisema hajui atafanya nini akimwona.

Bhoke alikuja Oktoba, siku moja, na Nchagwa alimleta. Wanawake wale wawili walisalimiana kwa mkono, wakakalishwa uani kwenye viti vya plastiki, majirani wawili wakajitia wanapita. Mazungumzo yalikuwa ya kuku na bei ya wimbi. Saa nane wingu likaanza kujikusanya juu ya vilima, jeusi chini, jeupe juu. Lilipolia mara ya kwanza, wote pale uani, Nchagwa akiwemo, walimtazama Bhoke kabla ya kuitazama mbingu. Hakuna aliyekusudia. Bhoke alivuta leso yake akaiziba nayo midomo, akaishikilia kwa mikono miwili.

Edinah alimwangalia hivyo kwa muda. Ngurumo ya pili ikaja, karibu zaidi.

"Bhoke, sema kitu," alisema.

Bhoke alitikisa kichwa.

"Sema chochote. Nimechoka kukuogopa."

Leso ilishuka taratibu. "Edinah," Bhoke alisema, "nguo zako zitalowa."

Edinah aliinuka. Wakaanua pamoja, mmoja upande huu wa kamba na mwenzake upande ule, wakakimbilia ndani na shuka mikononi. Mvua ilipiga mabati mpaka hawakuweza kusikizana, na radi zilipiga mara nyingi, mbali na karibu. Hazikugusa kitu.

Mvua ilipokatika, Bhoke aliomba aonyeshwe alipolazwa Ken, maana siku ya mazishi hakuwepo. Edinah mwenyewe ndiye aliyempeleka nyuma ya nyumba. Walikaa huko hadi jua likarudi kwenye majani. Bhoke hakulala Ntimaru. Jioni alisema nyoyo za kesho hazijalowekwa, akaondoka. Alirudi mara moja tu baadaye, kwa msiba wa jirani, na kuna watu ambao hawakumpa mkono.

Nchagwa alimaliza tasnifu yake Novemba. Katika jedwali aliiacha arobaini ya alfajiri mahali pake, akaweka elfu mbili na mia mbili kando yake, na chini akaandika tanbihi kwamba faili ilikuwa na sifuri iliyoachwa, na kwamba joto la mchana lilitoka katika madaftari ya R. Nyasuguta. Daktari Onsongo aliuliza kwa nini siku hiyo moja, kati ya elfu saba, ina tanbihi ndefu kuliko zote. Nchagwa alimwambia ni siku aliyokufa kaka yake. Onsongo aliisoma tena tangu mwanzo, akasema iachwe.

Sauti ya mtoto bado humjia mvua zikianza. Husema sentensi yake, na hungoja.